Maana ya fukuto, na jinsi linavyoweza kuua

Wakazi wa Tanga hutofautisha joto na fukuto bila kufundishwa. Siku za kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kipimajoto kinaweza kuonyesha nyuzi 32 au 33 tu, na bado mtu aliyekaa barazani Ngamiani, kivulini kabisa, nguo zikamganda mwilini na jasho lisikauke. Fukuto ni joto lililochanganyika na unyevu mwingi wa hewani, na kwa afya ya binadamu unyevu huo una uzito mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mwili hujitahidi kubaki karibu na nyuzi 37. Jasho haliupoozi kwa kutiririka bali kwa kukauka, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Hewa ikishajaa unyevu, mvuke hauna pa kwenda. Kwa sababu hiyo wanasayansi hutumia pia kipimajoto kilichovishwa kitambaa chenye maji, ambacho maji yanapokauka husoma chini ya kipimajoto cha kawaida, na hewa ikijaa unyevu hukikaribia. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kwamba kikisoma nyuzi 35, hata kijana mzima aliyepumzika hawezi kuishi zaidi ya saa chache, lakini majaribio ya Pennsylvania State University yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba penye unyevu mwingi miili ya vijana wenye afya huanza kushindwa kipimajoto hicho kikisoma karibu nyuzi 31. Mkata mkonge shambani ana mzigo wa ziada, kwani misuli inayofanya kazi nayo huzalisha joto.

Wakati huo moyo hudunda kwa kasi ili kuisukuma damu kwenye ngozi, huku maji yakipungua mwilini na figo zikielemewa. Wazee, wenye presha, wajawazito na watoto wachanga ndio huzidiwa mapema.

Joto la ndani likipita nyuzi 40 na mtu akaanza kuweweseka, kuanguka au kupata degedege, hicho ni kiharusi cha joto, ambacho hakihusiani na kiharusi cha kupooza. Ninasikitika kwamba mgonjwa wa namna hii ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria imempanda kichwani, akapewa parasetamoli na kufunikwa shuka. Katika homa ubongo wenyewe ndio uliopandisha kiwango cha joto, na dawa hukishusha. Hapa kiwango hakijabadilika, ila njia za kupoa zimeshindwa, kwa hiyo dawa hiyo haisaidii. Avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji, apepewe na kukimbizwa hospitali. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

Vifo vingi vya joto havionekani kwa jina hilo. Joto la mwaka 2003 barani Ulaya liliua watu zaidi ya 70,000, na idadi hiyo ilipatikana kwa kulinganisha vifo vya kipindi kile na vya miaka ya kawaida, kwa sababu vyeti vingi viliandikwa moyo, mapafu au figo.