Je, wajua kwa nini suruali ya Walter White ina maana mbili?

Breaking Bad, tamthilia ya Marekani kuhusu Walter White, mwalimu wa kemia anayegeuka mtengenezaji wa dawa za kulevya, iliyoanza kuonyeshwa Januari 2008, haijamaliza hata dakika moja kabla suruali haijapita angani. Ni suruali ya kaki, haina mtu ndani, inapeperuka juu ya jangwa la New Mexico na kutua barabarani. Ukiiona mara ya kwanza unatabasamu, kisha unaisahau, kwa sababu nyuma yake linakuja gari kwa kasi, dereva amevaa chupi na barakoa ya gesi, na wewe unataka kujua kumetokea nini.

Nimeimaliza tamthilia hiyo, sehemu zote 62, mara tatu. Katika mzunguko wa tatu nilifika kwenye sehemu iitwayo Ozymandias, ya Septemba 2013, nikashtuka. Walter anasukuma pipa la pesa mchangani peke yake, familia yake ikiwa imeanza kusambaratika, na pembeni ya njia yake imelala suruali. Ile ile. Kamera haiisogelei, hakuna anayeitaja. Mara mbili za kwanza nilikuwa nimeikodolea macho bila kuiona. (Kama hujaitazama, acha kusoma hapa, kuanzia sasa namwaga mtama mbele ya kuku wengi.)

Kilichonifumba macho ni taharuki. Akili inayosubiri jibu la swali moja hufunga milango mingine. Mwaka 1999 wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya wachezaji wanaorushiana mpira na kuwaomba wahesabu pasi. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe alipita, akajipigapiga kifua, akaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Tamthilia ya uhalifu ni video hiyo hiyo, ila badala ya pasi tunahesabu nani anamfuata nani, nani ana bastola, nani atafia wapi. Ukirudia, hesabu imekwisha, na sokwe anapita mbele yako akiwa amejaa kwenye skrini.

Pia kuna kinaya, ambacho nakipenda kuliko alama zote. Katika msimu wa 4 Hank, shemeji yake Walter na askari wa dawa za kulevya, anasoma daftari la mkemia aliyeuawa, ambaye alikuwa akifanya kazi na Walter kwa siri. Limetabarukiwa kwa mtu mwenye herufi W.W. Hank anatania: si wewe huyo, Walter White? Walter anainua mikono kana kwamba amekamatwa, kisha anamwonyesha kuwa huyo ni mshairi Walt Whitman. Mara ya kwanza unahema tu: amepona. Mara ya pili unajua kwamba mwaka unaofuata Hank ataketi chooni kwa Walter, ataokota kitabu cha mashairi cha Whitman, na ndani yake atakuta tabaruki ya W.W. kwa mwandiko ule ule wa mkemia. Utani umegeuka ungamo. Hakuna neno hata moja lililobadilika katika onyesho. Kilichobadilika ni unachokijua wewe.

Msimu wa 2, wa mwaka 2009, uliwekewa kitendawili waziwazi. Sehemu nne zinaanza kwa kisengerembele, yaani tukio la baadaye linaloonyeshwa mapema, cha rangi nyeusi na nyeupe: bwawa la kuogelea la Walter, na ndani yake mwanasesere wa dubu, wa waridi, aliyeungua upande mmoja na kukosa jicho. Tulidhani maadui wa Walter wameishambulia nyumba. Ukiviunganisha vichwa vya sehemu hizo nne, Seven Thirty-Seven, Down, Over na ABQ, unapata taarifa ya ajali: ndege ya 737 imeanguka juu ya Albuquerque. Jibu lilikuwa limeandikwa mlangoni. Na ndege hiyo iligongana na nyingine kwa sababu mwongozaji wa safari za ndege alikuwa amefiwa na binti yake, yule yule ambaye Walter alimtazama akifa bila kumsaidia. Jicho la dubu, ambalo Walter analiokota baadaye, halihitaji kufafanuliwa sana.

Lakini je, kila kitu ni jazanda? Hapana, na hapa ndipo mashabiki tunapopotea. Mfano mashuhuri unatoka kwenye sinema: The Godfather, ya mwaka 1972, ambamo machungwa huonekana karibu na kifo. Bwana Corleone, mkuu wa familia ya mafia, anapigwa risasi akinunua machungwa. Anakufa bustanini muda mfupi baada ya kujitia ganda la chungwa mdomoni. Watu wameandika mengi kuhusu hilo. Dean Tavoularis, aliyesanifu mandhari ya filamu hiyo, alikuwa na sababu nyepesi zaidi: seti zilikuwa za giza na chungwa lilizichangamsha. Tabia ya akili kuona uhusiano pasipo na uhusiano ilipewa jina mwaka 1958 na daktari wa akili Mjerumani, Klaus Conrad: apofenia. Yeye alikuwa akieleza mwanzo wa skizofrenia. Siku hizi neno linatuhusu hata sisi tunaohesabu rangi za mashati ya wahusika saa nane usiku.

Kipimo changu mimi ni jasho. Suruali haijipeleki jangwani. Kuna mtu aliyeitandaza mchangani na mwingine aliyeelekeza kamera hadi iingie kwenye picha. Alama iliyomgharimu mtu kazi isiyohitajika kusogeza kisa mbele, hiyo naiamini. Chungwa lililokuwa mezani kwa sababu meza haikaliwi tupu, naliacha.

Hata hivyo kipimo hicho kinanikwama kwenye msimu wa 5. Unaanza na Walter mwenye ndevu, mgahawani, anavunja vipande vya nyama ya nguruwe na kuvipanga sahanini viandike 52, umri wake. Kisha anaenda maegeshoni kuchukua bunduki ya M60. Vince Gilligan, muundaji wa tamthilia, alieleza baadaye kwamba walipoandika onyesho hilo hawakujua bunduki ile angeielekeza kwa nani. Ilibidi warudi nyuma, wajikumbushe wenyewe walichokwisha kukionyesha, na watafute jibu kabla ya sehemu ya mwisho. Yaani waandishi nao walikuwa watazamaji wa marudio, wakiokota vitu vyao wenyewe njiani na kuvipa kazi mpya.

Basi mwaka 2008 suruali ilikuwa kichekesho, na mwaka 2013 mtu aliirudia akaigeuza kuwa kaburi la mwalimu wa kemia aliyeivaa. Ukianza upya leo, suruali ya kwanza inapeperuka ikiwa tayari na huzuni ya ile ya pili. Huzuni hiyo hukuibuni, ingawa siku picha ilipochukuliwa haikuwapo.

Nyama ile ya sahanini nayo, usiiache ipite. Katika sehemu ya kwanza kabisa, Walter anapotimiza miaka 50, mkewe Skyler ndiye anayeipanga tarakimu kwenye sahani ya staftahi. Kwenye miaka 51 anaipanga tena, safari hii bila raha. Tuliotazama mara ya kwanza tuliiona 52 kabla ya 51, kwa hiyo hatukuweza kuhesabu. Ukirudia, unaweza kuzipanga zote tatu kwa mfuatano wake, na ya mwisho anajivunjia mwenyewe, huku mhudumu wa mgahawa akimuuliza kama kweli leo ni siku yake ya kuzaliwa.