Fimbo ya kwanza ya kuvulia kwa chambo chepesi: yanayosemwa dukani na ukweli wake

Anayeanza kuvua kwa chambo bandia huingia dukani na swali moja: "Ipi imara?" Muuzaji, kwa nia njema kabisa, humkabidhi fimbo nene kama mpini wa jembe, rili kubwa (kile kifaa cha kukunjia uzi) na nailoni ya kuvulia papa. Kesho yake mtu yuko ukingoni mwa mwamba, anarusha kijiko, yaani chambo cha chuma, cha gramu 7 kinaangukia karibu na miguu yake, anaanza kuamini hana mkono wa uvuvi. Angeuliza kwanza atarusha kitu cha gramu ngapi, na atakuwa amesimama wapi, angetoka na fimbo nyingine kabisa.

Nazungumzia uvuvi wa kusimama ufukweni, gatini au kwenye mdomo wa hori huku kwetu pwani, maji yanapojaa na kolekole wadogo wakawa wanafukuza samaki wadogo aina ya simu, mzia wamejificha kandokando, na chewa wa size ya sahani wako kwenye mashimo ya mwamba. Chambo cha kazi hiyo kina uzito wa gramu 3 hadi 15: vijiko vidogo vya chuma, samaki bandia wa urefu wa kidole, au plastiki laini iliyovishwa kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi.

"Fimbo ngumu ndiyo fimbo"

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu pesa kuliko zote. Unaporusha, mkono wako peke yake haupeleki chambo mbali. Uzito wa chambo huikunja fimbo nyuma, na fimbo inapojinyoosha ndipo chambo kinafyatuka. Chambo kikiwa chepesi mno kwa fimbo ile, haikunjiki, kwa hiyo hakuna cha kufyatua, na hata ukirusha kwa nguvu za bega zote utaambulia mita chache na uzi uliovurugika. Kikizidi uzito, fimbo hulemewa na inaweza kukatika hewani kabla hata hujaona samaki.

Ndiyo maana watengenezaji huandika kiwango cha uzito juu kidogo ya mshiko. Ichukue fimbo, igeuze kwenye mwanga usome. Ukikuta kwa mfano "S702L, 3–12 g, PE 0.4–0.8", usitishike. Kwa kampuni nyingi S ni fimbo ya rili inayoning'inia chini ya mshiko, ambayo ndiyo inayomfaa anayeanza. 70 ni futi 7 na inchi 0, kama mita 2.13, 2 ya mwisho ni vipande viwili. L ni nyepesi. Gramu 3 hadi 12 ni uzito wa chambo, na PE ni unene wa uzi wa kusuka. Nyingine huandikwa kwa aunsi: 1/8 ni kama gramu 3.5, 1/4 ni kama 7, na 3/8 inakaribia 11. Uzi ukiandikwa kwa ratili, 8 lb ni kama kilo 3.6.

Na usinunue kwa namba ya mwisho. Fimbo ya gramu 3 hadi 12 haifanyi kazi sawasawa kote humo. Hupendeza zaidi katikati, kwenye gramu 5 hadi 9. Kama vijiko vyako vingi ni vya gramu 7, hiyo ni yako. Kama ni vya gramu 14, tafuta ya 5 hadi 20.

"L ni L, popote utakaponunua"

Laiti ingekuwa hivyo. Hakuna kipimo kimoja kinachozibana kampuni zote. L ya fimbo ya Japani iliyotengenezwa kwa samaki wa baharini inaweza kuwa ngumu kuliko M (ya kati) ya fimbo ya Marekani ya kuvulia trauti mtoni. Herufi hukusaidia kulinganisha fimbo za kampuni moja, tena za aina moja. Zaidi ya hapo amini gramu.

Kuna mkanganyiko mwingine unaoambatana na huo: watu huchanganya nguvu ya fimbo na mahali inapokunjia. Ikiandikwa "fast" wengi hudhani ni fimbo kali, ya samaki wakubwa. Neno hilo linasema tu kwamba fimbo inakunjia karibu na ncha. "Slow" hukunjika mpaka karibu na mshiko. Fimbo laini kabisa inaweza kuwa "fast". Kwa anayeanza napendekeza ya kati au iliyosogea kidogo kuelekea "fast". Inasamehe mrusho uliokosea muda, na samaki akitikisa kichwa haimng'oi ndoana mdomoni. Ile inayokunjia nchani tu ina raha yake, lakini inadai mkono uliozoea.

"Fimbo nyepesi itavunjwa na samaki wa kwanza mkubwa"

Hapa mzee wangu mmoja wa ngalawa hucheka kila akiiona fimbo yangu. Simlaumu, kazi yake ni ya mshipi wa mkono, na samaki wake anavutwa moja kwa moja mpaka chomboni.

Kwenye rili samaki mkubwa hazuiwi na ubavu wa fimbo. Anazuiwa na breki ya rili, ile inayoachia uzi akivuta kupita kiasi. Desturi ni kuifunga breki kwenye robo mpaka theluthi ya nguvu ya uzi. Una uzi wa kilo 4? Basi breki iachie kwenye kilo 1, au zaidi kidogo. Kipimo chake hakihitaji mizani: jaza chupa ya maji ya lita moja, ifunge kwenye uzi, elekeza ncha ya fimbo chini kwenye chupa, kisha inua. Chupa ikinyanyuka na uzi ukaanza kutoka polepole, hapo ndipo. Wengi wakifanya jaribio hili wanashangaa kilo moja ilivyo nzito. Walikuwa wameikaza breki mpaka mwisho.

Fimbo hapo inafanya kazi ya kumeza mishtuko, na iliyo laini humeza vizuri zaidi. IGFA, chama kinachotunza rekodi za dunia za uvuvi wa michezo, kina madaraja ya uzi yanayoanzia kilo 1, na yana rekodi za samaki wazito mara nyingi kuliko uzi wenyewe. Mipaka ipo, lakini. Ukienda Ziwa Victoria kutafuta sangara wa kilo 40, au ukasimama mahali ambapo kolekole mkubwa atakimbilia kwenye matumbawe akate uzi, chukua fimbo ya kazi hiyo.

Fimbo nyingi hazivunjwi na nguvu za samaki. Mlango wa gari. Feni ya darini. Mteja anayeishika ncha dukani na kuikunja kwa vidole ili "aijaribu". Kijiko cha chuma kilichogonga fimbo wakati wa kurusha, kikaacha ufa usioonekana. Na kubwa kuliko yote, kumnyanyua samaki kwa fimbo iliyosimama wima: mkunjo wote unahamia kwenye ncha, sehemu nyembamba kupita zote, na inakatika hapohapo. Shusha fimbo, mlete samaki na wimbi au kwa wavu wa mkono.

"Kadiri inavyokuwa ndefu ndivyo inavyorusha mbali"

Kuna ukweli ndani yake, lakini kwa chambo chepesi si sana. Urefu husaidia mkononi mwa anayeweza kuuzungusha, na ukiwa nyuma ya mwamba ulio wazi husaidia uzi usikwaruzwe. Futi 9 kwenye hori lenye mikoko ni usumbufu mtupu, utavua majani. Hapo, au kwenye mtumbwi, futi 6 hadi 7 zinatosha. Ufukwe wazi au ukingo wa mwamba wakati wa kusi, upepo unapokupiga usoni, ndipo futi 8 zinapolipa.

Ukitaka umbali zaidi, badilisha uzi kabla ya fimbo. Uzi wa kusuka wa PE 0.6 hadi 0.8 ni mwembamba sana kuliko nailoni yenye nguvu ileile, haukamatwi sana na upepo, na karibu hauvutiki, kwa hiyo hata samaki akidona tu mkono unapata habari. Mbele yake funga kipande cha uzi wa nailoni au wa florokaboni (plastiki ngumu) kama mita moja, kwa sababu uzi wa kusuka ukigusa mwamba umekwisha.

"Kaboni nyingi, tani nyingi, fimbo bora"

Kaboni ni nyepesi na hufyatuka haraka kuliko fibaglasi, hilo halina ubishi. Tangu fimbo za kaboni zilipoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 wavuvi hawajarudi nyuma. Ila zile "tani 30" na "tani 40" ni kipimo cha ukakamavu wa nyuzi za kaboni. Si uimara. Kaboni kakamavu zaidi kwa kawaida huvumilia kugongwa kidogo zaidi. IM6, IM7 na IM8 nazo zilianza kama majina ya bidhaa za mtengenezaji mmoja wa nyuzi za kaboni, kisha kila mtu akaanza kuyabandika kwenye fimbo zake, kwa hiyo IM8 ya duka hili haikuambii lolote kuhusu IM8 ya duka lile.

Kwa anayeanza, fimbo ya bei ya kati, au ya mchanganyiko wa kaboni na fibaglasi, hudumu zaidi. Kampuni ya Shakespeare ilileta fimbo iitwayo Ugly Stik kwa mchanganyiko wa namna hiyo mwaka 1976 na bado inauzwa. Nzito kidogo, sawa. Inastahimili bodaboda. Ila kaboni hupitisha umeme: ngurumo zikianza iweke chini, na usiisimamishe chini ya nyaya.

"Ya vipande viwili ni dhaifu, bora ile ya kuvuta kama antena"

Kinyume chake. Kiungo cha vipande viwili kilichotengenezwa vizuri huwezi kukihisi ukirusha, na ndani ya daladala utakishukuru. Ya antena huingiza mchanga na chumvi kwenye kila mwungano, pete zake huzunguka zinavyotaka, na zile nafuu huwa na pete chache, hivyo uzi haufuati mkunjo wa fimbo. Kama begi lako ni dogo, tafuta ya vipande vinne.

Pete zikague dukani. Chukua pamba, ipitishe ndani ya kila pete ukiizungusha taratibu. Ikiacha nyuzi mahali, pana ufa, na ufa huo utaukata uzi wa kusuka siku yoyote. Tazama pia mguu wa pete unapofungwa kwenye fimbo: ukiona doa la kutu kabla haijafika baharini, irudishe rafuni. Ile iliyoandikwa "saltwater" nayo inahitaji kusuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi, rili ikiwa imekazwa breki ili maji yasiingie ndani, kisha ilegezwe na kuanikwa kivulini.