Hisabati Ipi kwa Anayetaka Kusomea Udaktari?

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha nne, wazazi na wanafunzi hutuuliza swali lile lile: je, anayetaka kuwa daktari ni lazima achukue hisabati kama somo kuu katika kidato cha tano? Si lazima, ila asije akadhani kwamba ameruhusiwa kuipa hisabati kisogo.

Katika utaratibu ambao vyuo vikuu vya umma nchini Uganda, vikiwemo Makerere, Mbarara na Gulu, vimeutumia kwa miaka mingi, masomo ya lazima kwa shahada ya udaktari na upasuaji ni biolojia na kemia, na pointi za kila moja huzidishwa kwa 3. Somo kuu la tatu, ambalo kwa kawaida huwa fizikia au hisabati, huzidishwa kwa 2, na masomo ya subsidiari, yaani yale madogo yanayosomwa pamoja na masomo makuu, humpa aliyefaulu pointi 1 kila moja. Kwa kuwa A ina pointi 6 na B ina 5, anayeshuka kutoka A hadi B katika kemia hupoteza pointi 3 nzima, ilhali anayepanda gredi moja katika hisabati huongeza 2 tu. Mwanafunzi anayechagua BCM (biolojia, kemia na hisabati) na kuiacha PCB (fizikia, kemia na biolojia) kwa sababu hisabati inasifika shuleni, kisha ikamla muda wa kemia, amejiharibia mwenyewe. BCM tunamshauri yule ambaye hisabati inamkubali na fizikia inamlemea. PCM (fizikia, kemia na hisabati) haina biolojia, kwa hiyo haimfikishi mtu kwenye udaktari, hata akipata A tatu.

Anayesoma PCB hufanya pia subsidiari ya hisabati, na hapa ndipo tunapoona uzembe unaotusikitisha. Wengi huihesabia ile pointi 1, wakaishika wiki chache kabla ya mtihani. Ndani ya somo hilo kuna takwimu na uwezekano, na hizo ndizo hisabati ambazo daktari hukutana nazo zaidi kazini kuliko kalkulasi, yaani hisabati ya viwango vya mabadiliko. Chukua watu 1,000 ambao 20 kati yao wana ugonjwa fulani, wapimwe kwa kipimo kinachowatambua wagonjwa 95 katika kila 100, na kinachowapa majibu sahihi wazima 95 katika kila 100. Wagonjwa 19 watagunduliwa, lakini pia wazima 49 wataambiwa kuwa ni wagonjwa, kwa hiyo kati ya watu 68 waliopewa jibu la kuwa na ugonjwa, ni 19 tu walio nao kweli. Daktari asiyeweza kupiga hesabu hiyo atawaanzishia dawa watu wasiozihitaji. Katika kazi za kila siku hesabu huwa nyepesi zaidi, lakini haina msamaha: mtoto wa kilo 14 anayestahili miligramu 15 za parasetamoli kwa kila kilo anahitaji miligramu 210, ambazo katika dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5 ni mililita 8.75.

Wapo wanaotazamia kusoma Marekani. Huko udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na kila chuo hujiwekea masharti yake: vingine hutaka takwimu, vingine kalkulasi, vingine havitaji somo lolote la hisabati. Mtihani wa kujiunga, MCAT, hauulizi kalkulasi, wala mtahiniwa haruhusiwi kutumia kikokotoo, kwa hiyo wepesi wa kukadiria, wa uwiano na wa logi (logariti) ndio unaomsaidia. Kama nafasi ya somo ni moja tu na chuo hakijasema vinginevyo, sisi tungemwelekeza kwenye takwimu.

Mwanafunzi aende kwa mwalimu wa taaluma mapema, akiwa na gredi zake za kidato cha nne na tangazo la udahili la mwaka huo, kabla hajajiandikisha kwa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kwani baada ya hapo kubadili masomo huwa kugumu.