Alama za Kiyama: ndogo, kubwa, na jinsi ya kupima madai yanayosambazwa

Katika mafundisho ya Kiislamu, alama za Kiyama ni matukio ambayo Qur'ani au Mtume (s.a.w.) ameyataja kuwa yatatangulia Siku ya Mwisho. Hazisemi ni lini. Jibrili alipomuuliza Mtume Kiyama kitakuwa lini, alijibiwa kwamba anayeulizwa hajui zaidi ya anayeuliza. Hapo ndipo Jibrili akaomba aambiwe alama zake. Hadithi hiyo, aliyoipokea Umar bin Khattab na kuandikwa na Imamu Muslim katika mkusanyiko wake wa Hadithi, inafaa isomwe kwa mpangilio wake: swali la tarehe lilifungwa kwanza, kisha likafunguliwa la alama. Mtu anayejumlisha alama ili apate mwaka analirudia swali ambalo Mtume mwenyewe hakulijibu.

Kazi ya alama basi ni kuonya, na zinapotimia huthibitisha ukweli wa aliyezitaja. Suratul-A'raf (7:187) inasema ujuzi wa Saa hiyo uko kwa Mwenyezi Mungu peke yake na haitawajia watu ila kwa ghafla. Surat Muhammad (47:18) nayo inasema alama zake zimekwisha kuja. Aya hizo hazigongani. Alama zilianza kuonekana zamani, na siku yenyewe bado haijulikani.

Masheikh huzigawa dalili ndogo na dalili kubwa, na hilo neno "ndogo" huwapotosha wengi. Wanadhani ni mambo mepesi, ilhali mojawapo ya dalili hizo ni kufa kwa Mtume mwenyewe. Dalili ndogo ni zile zinazotokea ndani ya mwendo wa kawaida wa dunia, zikiwa zimetawanyika karne kwa karne. Kubwa ni zile zinazouvunja mwendo huo, tena zikianza hufuatana kwa karibu.

Mfano mzuri wa dalili ndogo ni Hadithi ya Auf bin Malik katika Bukhari. Alimkuta Mtume huko Tabuk, ndani ya hema la ngozi, akaambiwa ahesabu mambo sita kabla ya Kiyama: kufa kwake Mtume, kutekwa kwa Baitul-Maqdis (Jerusalem), vifo vitakavyowakumba watu kama maradhi yanavyofyeka kondoo, mali kuzidi hadi mtu apewe dinari 100 na asiridhike, fitina isiyoacha nyumba ya Mwarabu bila kuingia, na suluhu na Warumi ambao baadaye wataivunja na kuja chini ya bendera 80, kila bendera na watu 12,000. Mtume alifariki mwaka 11 wa Hijra (632). Baitul-Maqdis ilifunguliwa katika ukhalifa wa Umar. Vifo vile, wafafanuzi wengi wanasema ni tauni ya Amwas huko Palestina mwaka 18 wa Hijra (639), iliyowaua Abu Ubaida bin Jarrah na Muadh bin Jabal. Jambo la sita halijatokea. Kwa hiyo ndani ya Hadithi moja kuna yaliyopita zaidi ya miaka 1,300 iliyopita na kuna linalongojewa, na hakuna kipimo cha muda kati yake.

Kuna nyingine iliyotimia kwa namna ambayo hata mtu wa jiolojia anaweza kuifuatilia. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Kiyama hakitasimama mpaka moto utoke katika ardhi ya Hijazi (eneo la Makka na Madina), uangaze shingo za ngamia huko Busra, mji wa Sham (Syria na jirani zake). Mwaka 654 wa Hijra (1256) volkano ililipuka karibu na Madina, katika uwanda wa mawe meusi wa Harrat Rahat. Ilitema moto kwa siku zipatazo 52, na uji wake wa mawe yaliyoyeyuka ukatambaa kilomita kama 23. Imamu Nawawi alikuwa hai wakati huo akiishi Sham, na katika kitabu chake cha kuifafanua Sahihi Muslim ametaja kwamba habari za moto huo zilienea kwa wingi kwa watu wa Sham. Vitabu vya Hadithi vilikuwa vimeshaandikwa karne nne kabla.

Huyo huyo Nawawi ana angalizo ambalo lingepunguza ubishi mwingi: jambo kutajwa kuwa alama ya Kiyama hakulifanyi kuwa haramu wala baya. Wachungaji waliokuwa pekupeku kushindana kujenga majumba marefu ni alama. Kujenga ghorofa si dhambi kwa sababu hiyo. Mali kuenea hadi mwenye zaka akose wa kumpa ni alama pia, na hiyo ni neema. Zipo zilizo mbaya kweli, kama kuondoka kwa elimu, kuenea kwa zinaa na pombe, na mauaji kuwa mengi, lakini ubaya wake unatokana na hukumu nyingine za dini.

Kuhusu dalili kubwa, tegemeo ni Hadithi ya Hudhaifa bin Asid katika Muslim. Masahaba walikuwa wakizungumza juu ya Kiyama, Mtume akawatokea, akasema hakitasimama mpaka waone mambo kumi: moshi, Dajali (mwongo mkuu atakayewatia watu mtihanini), mnyama wa ardhini, jua kuchomoza magharibi, kushuka kwa Nabii Isa mwana wa Maryamu, Juju na Majuju, ardhi kudidimia mara tatu (mashariki, magharibi na Bara Arabu), na mwisho moto utakaotoka Yemen ukiwaswaga watu kwenye mkusanyiko wao.

Orodha hiyo si ratiba, na hapa ndipo wengi huteleza. Hadithi ya Abdallah bin Amr, nayo ya Muslim, inasema alama ya kwanza kutoka ni jua kuchomoza magharibi na mnyama kuwatokea watu wakati wa dhuha (asubuhi jua likishapanda), na lolote likitangulia jingine linafuata mara moja. Ipo nyingine inayosema ya kwanza ni moto. Ibn Hajar, mfafanuzi wa Sahihi Bukhari, alizipatanisha hivi: Dajali ni wa kwanza katika mambo makubwa yanayobadili hali ya ardhini, na awamu hiyo inaisha kwa kufa kwa Nabii Isa, jua ni la kwanza katika yanayobadili mpangilio wa mbingu, moto ni wa kwanza katika yanayotangaza kusimama kwa Kiyama chenyewe. Ni rai ya mwanachuoni, ila inazikusanya Hadithi zote bila kuitupa hata moja. Hata katika kuzifasiri moja moja kuna khitilafu ya zamani. Moshi wa Suratud-Dukhan (44:10), sahaba Ibn Mas'ud alishikilia kwamba umekwisha pita: ni ule ukungu Makuraishi waliouona mbele ya macho kwa ukali wa njaa. Wengine walisema bado unakuja.

Jua likichomoza magharibi, mlango wa toba unafungwa: imani ya ambaye hakuwa ameamini kabla haitamfaa, kama inavyosema Suratul-An'am (6:158) na Hadithi iliyoifasiri.

Dajali ndiye aliyeelezwa kwa urefu kuliko wote. Ana chongo, na kati ya macho yake imeandikwa "kafiri", maandishi atakayoyasoma kila muumini. Hataingia Makka wala Madina. Kwa mapokezi ya Nawwas bin Sam'an katika Muslim, atakaa siku 40: moja kama mwaka, moja kama mwezi, moja kama wiki, na 37 zilizobaki za kawaida. Ukijumlisha unapata kama mwaka mmoja, miezi miwili na wiki mbili. Nabii Isa atashuka kwenye mnara mweupe mashariki ya Damascus, amfuatilie hadi lango la Ludd (mji wa Lod wa leo) na kumuua.

Masahaba walipoisikia habari ya siku iliyo kama mwaka, waliuliza kama swala za siku moja zitawatosha. Walijibiwa: hapana, ikadirieni. Wanazuoni wa fiqhi wameijengea jibu hilo hukumu ya nchi ambazo jua halizami kwa wiki nyingi, na Mswahili anayeishi kaskazini ya Norway wakati wa kiangazi anakadiria nyakati za swala zake kwa msingi huo. Kinga dhidi ya Dajali nazo zimeelezwa kwa vitendo. Kwanza, kuhifadhi aya kumi za mwanzo za Suratul-Kahf. Pili, katika tashahudi ya mwisho kabla ya salamu, kujilinda kwa Mwenyezi Mungu na mambo manne: adhabu ya Jahanamu, adhabu ya kaburi, fitina ya uhai na mauti, na fitina ya Masihi Dajali. Tatu, anayesikia ametokea ajiweke mbali naye, asiende kumwangalia kwa kujiamini.

Mahadi hayumo katika yale kumi. Hadithi zinazomtaja kwa jina ziko kwa wakusanyaji wa Hadithi akina Abu Dawud na Tirmidhi, na wanazuoni wengi wa Kisunni wanazikubali zilizo sahihi kati ya hizo: ni mtu wa kizazi cha Mtume, jina lake na la baba yake kama la Mtume, ataijaza ardhi uadilifu. Kwa Mashia Ithnaasharia ni Imamu wa 12, aliyeghibu, yaani aliyefichika machoni pa watu, tangu mwaka 260 wa Hijra (874). Kwa kuwa sifa zake ni za mtu wa kawaida, ndiye anayedaiwa mara nyingi kuliko alama nyingine yoyote. Muhammad Ahmad alijitangaza Sudan mwaka 1881, akaiteka Khartoum Januari 1885 na kufariki Juni mwaka huo huo.

Dai la Umahadi lililotolewa Makka linafaa kutazamwa kwa karibu zaidi. Alfajiri ya tarehe 1 Muharam 1400 (20 Novemba 1979), kundi la Juhayman al-Otaybi liliuteka Msikiti Mtukufu kwa silaha na kumtangaza Muhammad Abdullah al-Qahtani kuwa Mahadi. Jina lilikuwa linalingana. Mwaka ulikuwa mwanzo wa karne ya Hijra. Wafuasi walikuwa wameota ndoto juu yake. Wakampa kiapo cha utii karibu na Al-Kaaba, kama ilivyo katika Hadithi ambayo wahakiki wengi wameidhoofisha, na Hadithi hiyo inasema jeshi litakalokuja kumpiga litamezwa na ardhi. Jeshi lilikuja, ardhi haikummeza mtu. Al-Qahtani aliuawa katika mapigano yale, na baada ya wiki mbili msikiti ukakombolewa. Kosa lao lilikuwa kuipanga alama kwa mikono yao: walichukua sifa zinazoweza kutengenezwa na watu, yaani jina, mahali na kiapo, wakadhani isiyotengenezeka itajileta yenyewe.

Anayepokea ujumbe wa "dalili imetimia" aanze kwa kuuliza imeandikwa wapi. "Mtume amesema" si rejea. Namba za Hadithi hutofautiana kwa chapa, kwa hiyo ombeni jina la kitabu, mlango, na sahaba aliyeipokea. Kwa Bukhari na Muslim nyingi ziko katika mlango wa fitina. Ikiwa nje ya hao wawili, ulizeni daraja ya usahihi wa Hadithi hiyo yenyewe, si sifa ya kitabu kizima. Mapokezi mengi ya kusisimua, hasa ya bendera nyeusi na majina ya miji, yamo katika mkusanyiko wa fitina wa Nu'aim bin Hammad (aliyefariki 228 H), ambao Dhahabi, mhakiki wa wapokezi wa Hadithi, alisema una maajabu na mambo ya kukataliwa.

Kisha: ni maneno ya nani? Ile kauli kwamba majengo ya Makka yakipita vilele vya milima basi jambo limekaribia, inayosambazwa na picha ya mnara wa saa wenye mita 601, iko katika mkusanyiko wa Ibn Abi Shaiba kama kauli ya Abdallah bin Amr. Ni kauli ya sahaba, na ina uzito wake, ila kuandika chini yake "Mtume amesema" ni uongo.

Swali linalosahauliwa zaidi ni hili: ni sehemu gani ya habari imetokea? Hadithi ya Furati katika Bukhari na Muslim inasema mto huo utafichua mlima wa dhahabu, watu wataupigania, na katika kila 100 watakufa 99. Atakayekuwepo asichukue chochote. Maji ya Furati yamepungua kweli, na sababu zinajulikana: ukame, na mabwawa ya Uturuki, Syria na Iraki. Mlima wa dhahabu haujaonekana, wala vita hivyo. Kupungua kwa maji peke yake Hadithi haikukutaja kuwa ndiko alama, na video za mawe yanayometa kando ya mto haziongezi kitu.

Na likija dai lenye tarehe, halihitaji kupimwa.

Kuna aina moja ya ujumbe inayoishi kuliko zote: wasia wa "Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume", aliyemwona Mtume ndotoni akimwambia Kiyama kimekaribia, na kila atakayenakili atapata kheri, atakayepuuza atapata msiba. Waraka wa namna hiyo, ulioitwa barua ya Makka, ulisambaa katika pwani ya koloni la Wajerumani mwaka 1908, ukafika Lindi na kwingineko, Maji Maji ikiwa imetoka kuzimwa. Wakubwa wa Kijerumani waliuona kama wito wa uasi. Leo unakuja kwa WhatsApp ukiwa na sharti la kuutuma kwa idadi fulani ya watu. Sheikh Ibn Baz, mwanachuoni wa Saudi Arabia, aliuandikia majibu ya kuupinga, na hoja yake ni rahisi: hata anayenakili Qur'ani yenyewe hakuahidiwa utajiri kwa kunakili, wala asiyenakili hakutishiwa msiba, seuze karatasi ya ndoto. Ukikufikia, ufute, na aliyekutumia umwambie kwa nini.