Kujitangaza mufilisi Marekani: kiwanja cha Kitengela usikifiche

"Ukifungua kesi ya kufilisika, karatasi zako zinaharibika."

Kila madeni yanapozungumzwa kati yetu huku Marekani, hili halikosi kutajwa. Si kweli. Kufilisika ni haki iliyomo katika sheria ya shirikisho, si kosa la jinai, na peke yake haimnyimi mtu grini kadi wala uraia. Kinachoharibu karatasi ni uongo, na uongo wenyewe mara nyingi huanzia kwenye dhana inayofuata.

"Mali ya nyumbani haiwahusu."

Inawahusu sana mahakama na wadai wako. Fomu ya mali inataka kila unachomiliki, popote duniani. Ploti ya Kitengela uliyoilipia kidogo kidogo, nyumba ya Mwanza anayokaa mama lakini hati ina jina lako, salio la M-Pesa, zamu yako ya upatu ambayo haijafika: vyote vinaandikwa. Kuna swali jingine linalowashtua watu: je, katika miaka 2 iliyopita umempa mtu yeyote zawadi zinazozidi jumla ya dola 600? Ada ya mpwa uliyokuwa ukituma kila muhula huenda ikaingia hapo. Na kama mwaka huu ulimlipa kaka yako pesa alizokukopesha huku benki zikisubiri, mdhamini wa kesi (trustee, msimamizi anayechunguza mali yako kwa niaba ya wadai) anaweza kumdai kaka azirudishe.

Kuandika ploti si lazima uipoteze. Mdhamini hupima kama inauzika, na kama kitakachobaki baada ya gharama kina maana kwa wadai. Ukiificha unaweza kunyimwa msamaha wa madeni, na kuficha kwa makusudi kunaweza kukufunga hadi miaka 5. Kwa hiyo peleka hati kwa wakili hata asipouliza. Mawakili wengi wa huku hawajui upatu ni nini, mweleze.

"Fomu ni fomu, yeyote anaweza kunijazia."

Anayeandaa fomu bila kuwa wakili anaruhusiwa kuchapa majibu yako tu. Haruhusiwi kukwambia uchague Sura ya 7, inayofuta madeni kwa miezi michache, au Sura ya 13, ya kulipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5. Tena, ingawa sheria ni ya shirikisho, mali unayoruhusiwa kubaki nayo hutegemea jimbo, na majimbo hayafanani hata kidogo. Ukiwa umehamia jimbo jipya na hujatimiza siku 730, unaweza kupimwa kwa sheria za ulikotoka. Ndiyo maana nasisitiza wakili wa hapo hapo unapoishi, anayeijua mahakama ile na wadhamini wake.

"Sina hela, wakili wa nini?"

Ada ya mahakama kwa Sura ya 7 ni dola 338. Unaweza kuomba kulipa kwa awamu, na mwenye kipato kidogo sana anaweza kusamehewa. Wakili wa Sura ya 7 kwa kawaida hutaka chake mapema. Kwenye Sura ya 13 sehemu kubwa huingizwa katika mpango wa malipo. Ofisi za msaada wa kisheria nazo zipo, jaribu huko kwanza.

"Deni lote linakufa."

Matunzo ya watoto hayafi. Kodi nyingi za karibuni na mikopo ya masomo, kwa kawaida, nazo hubaki.

"Nitasimamishwa mbele ya jaji."

Wengi wa Sura ya 7 hawamwoni kabisa. Unakutana na mdhamini, siku hizi kwa Zoom: unaapa, unaonyesha kitambulisho na namba ya Social Security, unaulizwa maswali, na mara nyingi dakika 10 haziishi. Mkalimani wa simu ni bure, ila mwambie wakili amwombe mapema. Swali la ardhi usilijibu kwa Kiingereza cha kubahatisha.