Mahali si mahari: tahajia huanzia sikioni

Ukisahihisha insha za kidato cha pili hapa Ilemela, Mwanza, utaona makosa ya tahajia yana mpangilio wake. Hurudi yale yale: r na l zimebadilishana, dh imekuwa z, th imekuwa s, gh imekuwa g. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo anayeandika "zambi" ameandika alichosikia. Sauti dh, th na gh tumezipata zaidi kupitia maneno ya Kiarabu, na mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma si ajabu azichanganye na z, s na g mpaka afundishwe kuzitofautisha.

Ndiyo maana siamini adhabu ya kuandika neno mara hamsini. Sikio limebaki lile lile. Mimi natumia imla ya maneno yanayokaribiana: mahali na mahari, kura na kula, thamani na samani, dhamana na zamani. Neno halisomwi peke yake hata siku moja, kwa kuwa maana ndiyo huamua herufi. "Samani za ofisi zimepoteza thamani." Nasoma sentensi nzima, kisha kwa vipande, kisha nzima tena. Wakimaliza wanabadilishana madaftari na kila anayesahihisha aeleze kwa nini. (Mwalimu anayetamka "zamana" ajirekebishe kwanza, la sivyo anawaonea.)

Kutenganisha maneno ni suala jingine, na simu zimelizidisha. "Ana soma" ni neno moja, anasoma. "Kwasababu" ni mawili. Hili halihitaji sikio, linahitaji sarufi: viambishi vya kitenzi havikai mbali na mzizi wake.

Msamiati nao hauongezeki kwa orodha za kukariri. Wengi wanaikimbia kamusi kwa sababu hawajui pa kuanzia: wanatafuta "nyavu" kwenye n na "meno" kwenye m, wanakosa, wanaifunga. Wafundishwe kwanza kurudisha neno kwenye umoja, wavu na jino, na kitenzi kwenye mzizi wake. Hapo neno moja huzaa mengi: vua, vuliwa, vulia, mvuvi, uvuvi. Kisha waulize vua ya samaki na vua ya shati zina uhusiano gani. Watabishana mpaka kengele.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linawafaa watoto wanaotoka mialoni, yaani kwenye vituo vya wavuvi kandokando ya ziwa, kama Kirumba au Igombe. Wanajua maneno ambayo mwalimu aliyetoka mbali na ziwa hayajui: kokoro (wavu wa kukokota), karabai (taa ya kuvulia usiku), macho ya wavu (matundu yake). Waandike kila neno kama kamusi inavyofanya: ngeli, umoja na wingi, maana, sentensi ya mfano. Mwalo utawasumbua, maana wengi wataandika "myalo" badala ya mialo. Na kwenye "jicho" watalazimika kuandika maana zaidi ya moja na kuzipa namba, kazi ambayo hata kidato cha nne huitolea jasho.