Panya Kapona, Mama Bado: Dhana Potofu Kuhusu Dawa za Dimenshia

"Daktari, si dawa ya dimenshia imeshapatikana?" Kisha naonyeshwa simu: video, panya mweupe, na mtoto wa mgonjwa anayetaka kujua ainunue wapi. Nimechoka kulijibu swali hili kwa mmoja mmoja.

Dhana: Panya wameponywa Alzheimer, kwa hiyo tiba ipo.

Panya haugui Alzheimer, ugonjwa unaoongoza kwa kuleta dimenshia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Yule wa maabara amepandikizwa jeni za binadamu zenye hitilafu, zile zinazorithiwa katika familia chache, ambazo wagonjwa wake hawafiki hata asilimia 1 ya wagonjwa wote. Ubongo wake hujaa amiloidi, protini inayoganda kati ya seli, ila seli hazifi kwa wingi kama zetu, na mara nyingi vifundo vya tau, protini nyingine inayojisokota ndani ya seli za wagonjwa, havimo kabisa. Kumbukumbu yake hupimwa kwa kumtia kwenye beseni la maji yasiyoonyesha chini, aogelee mpaka akumbuke kilipo kijukwaa kilichozama. Akikifikia upesi, vichwa vya habari vinasema kapona! Mama yako hatafuti kijukwaa. Anasahau kama ameshakula, na humwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake marehemu.

Halafu kuna suala la muda. Panya huanzishiwa dawa mapema, mara nyingi kabla ubongo haujaharibika. Kwetu amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili. Mgonjwa anapoletwa kwangu, seli zilizokufa zimekufa.

Mwaka 1999 ilitangazwa chanjo iliyosafisha amiloidi kwa panya. Kwa binadamu ilisimamishwa 2002, baada ya 18 kati ya 300 waliochanjwa kupata uvimbe wa ubongo na utando wake. Miaka ilivyopita, baadhi ya waliochanjwa walifariki, bongo zao zikachunguzwa: kuna ambao amiloidi karibu yote ilikuwa imeondoka, na bado walikufa na dimenshia kali. Semagacestat, dawa ya kuzuia amiloidi isitengenezwe, nayo ilifanya vizuri kwa panya. Wagonjwa ikawazidishia, ikaachwa 2010. Kati ya 2002 na 2012 zilijaribiwa dawa 244 za Alzheimer. Ikapita moja, memantine, nayo hupunguza dalili tu, haiponyi.

Dhana: Kampuni zinaificha tiba. Mwenye dawa hiyo angekuwa ameshaiuza jana. Tuendelee.

Dhana: Lecanemab, dawa inayoondoa amiloidi, inaponya. Haiponyi. Katika jaribio la miezi 18 ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27, yaani tofauti ya pointi 0.45 kwenye kipimo cha ukali wa dimenshia chenye pointi 18. Katika jaribio hilo ilikuwa dripu kila wiki mbili, na picha za ubongo za MRI za kurudiarudia kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu.

Dhana: Basi hakuna la kufanya. Hii ndiyo inayonikera, maana anayeisema mara nyingi hajampima mzee presha mwaka mzima. Mpime presha na sukari. Mpeleke akapimwe masikio; asiyesikia hujitenga, na kujitenga kunamzidishia. Ukija kliniki, beba kila kidonge anachomeza, hasa vile vya mafua na usingizi vya duka la mtaani. Baadhi yake ndivyo vinavyomchanganya.